Uzi maalum kwa wakulima wa mahindi: Busta zenye "vitamini" zinaongeza magunia au zinaongeza rangi tu?

Mkulima_Mbozi (mwenye uzi)

Wakuu habari za msimu. Nimeona nianzishe huu uzi mapema kabla hatujaanza kumiminika kwenye maduka ya pembejeo, maana kila mwaka mahindi yakishafika magotini hadithi ni ileile. Mtu anaingia dukani kununua dawa ya viwavijeshi anatoka na chupa nyingine ya busta (mbolea ya kupulizia kwenye majani), kwenye lebo kuna picha ya hindi nene kama mkono na maandishi makubwa VITAMINI, anaambiwa piga hii utakuja kunishukuru. Na wengi wanaopiga ni wale ambao hela ya mfuko wa pili wa urea imewashinda, wanaona bora chupa ya elfu kumi na kitu kuliko mfuko. Hapo ndo roho inaniuma kabisa na ndo sababu ya huu uzi.

Mi ni mkulima huku Nyanda za Juu na nimeshawahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Sisemi busta zote ni uongo. Nasema kuna vitu jani linaweza kula vikamtosha mmea na kuna vitu haiwezekani, na tofauti yake ni hesabu tu.

Twende taratibu. Tuseme unataka magunia 20 ya kilo 100 kwa eka, yaani tani mbili. Zile punje peke yake zitaondoka shambani na naitrojeni kama kilo 30, na ukihesabu na mabua na majani mmea mzima unakuwa umekula zaidi ya kilo 40. Sasa chukua paketi ya kilo moja ya busta ya unga ile iliyoandikwa 20-20-20, namba ya kwanza ndo asilimia ya naitrojeni. Ndani yake naitrojeni ni gramu 200. Gramu wakuu, sio kilo. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 kwa sababu urea ni asilimia 46. Ili upate naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea kwa hiyo busta unahitaji paketi 115. Nani ana hela ya paketi 115? Na hata angekuwa nayo angeunguza shamba lote kabla hajafika paketi ya ishirini.

Sasa geuza upande wa pili, zinki. Hizo tani mbili za mahindi zinaondoka na zinki kama gramu 40 tu, eka nzima. Hapa jani linaweza kabisa kulishwa ukaona matokeo kama kweli udongo wako hauna zinki. Kwa hiyo kirutubisho kinachohitajika kwa gramu unaweza kukipitisha kwenye jani, kinachohitajika kwa kilo hicho ni cha mizizi, kiweke ardhini. Hiyo ndo point yangu kubwa kwenye huu uzi wote, mengine ni maelezo.

Ntaendelea na habari ya vitamini zenyewe chini, karibuni mchangie.

---

dumila_shamba

Mkuu umegusa penyewe. Ila mi nakupinga kidogo, msimu uliopita mahindi yangu yalikuwa ya njano kabisa nikapiga busta ndani ya wiki moja yakawa kijani tiii hadi jirani akaja kuuliza nimeweka nini. Sasa hiyo utasemaje haifanyi kazi wakati nimeona kwa macho yangu?

---

Mkulima_Mbozi

Kaka dumila_shamba nakuamini uliona kijani, ila nikuulize maswali mawili matatu. Kwenye hiyo wiki mvua ilinyesha? Urea ulikuwa umeshaweka siku za karibuni au bado? Na je kuna mistari uliyoiacha bila kupiga ukailinganisha?

Nauliza hivyo kwa sababu mahindi madogo huwa yanakuwa ya njano au ya zambarau kipindi cha baridi au udongo ukiwa umejaa maji, mizizi inakuwa bado midogo na haifanyi kazi vizuri, virutubisho vipo ila havifikiwi. Jua likiwaka siku kadhaa udongo ukapata joto mizizi inachangamka na mahindi yanageuka kijani yenyewe hata usipogusa kitu. Sasa siku hizohizo ndo mtu kapiga busta, na siku hizohizo kaweka urea na palizi kamaliza. Vitu vinne vimetokea kwa pamoja na sifa zote anapewa aliye kwenye chupa.

Pia kijani sio magunia. Ukipiga kitu chenye naitrojeni kidogo na magnesiamu jani linashika rangi haraka kweli, hilo halina ubishi. Lakini hindi linajazwa na chakula kinachoendelea kuingia kuanzia magotini mpaka mbelewele na ndevu zinatoka, hicho ndo kipindi mahindi yanavuta naitrojeni kwa kasi kuliko wakati wowote. Rangi ya wiki moja haiwezi kubeba kipindi chote hicho.

---

MamaShamba

Mwanangu Mkulima, mi nataka kujua hizo vitamini. Kijana wa dukani aliniambia mahindi yanahitaji vitamini B1 ili yatoe mizizi, kama vile sisi tunavyokunywa vidonge. Ni kweli au ananiuzia?

---

Mkulima_Mbozi

Shikamoo mama. Swali zuri sana na jibu lake lina historia.

Mmea unajitengenezea vitamini zake wenyewe. Vitamini B1 inatengenezwa kwenye majani, inashuka mpaka kwenye mizizi. Sisi binadamu tunazitafuta kwenye chakula kwa sababu mwili wetu hauwezi kuzitengeneza nyingi ya hizo, na tunazipata wapi? Kwenye mimea hiyohiyo. Kwa hiyo ule mfano wa vidonge hauingii kwenye mahindi.

Hii imani ilianzia mbali, Marekani miaka ya 1930. Kuna mwanasayansi anaitwa James Bonner kule Chuo cha Teknolojia cha California alikata vipande vya mizizi ya njegere akavikuza peke yake kwenye vyombo vya maabara, bila shina bila majani. Akaona bila B1 vile vipande havikui, akiweka vinakua. Habari ikafika kwenye magazeti ya watu wa bustani, ikawa B1 ni dawa ya kila kitu, watu wakaanza kuimwagia maua na miche. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakaja kupima kwenye mimea mizima yenye majani yake, faida haikuonekana. Na sababu iko wazi mama, ule mzizi wa maabara ulikuwa umekatwa kutoka kwenye jani linaloulisha. Mahindi yako shambani hayajakatwa.

Kwa hiyo mama ukisikia tena hiyo habari, muulize kijana akuonyeshe kwenye lebo zinki ni asilimia ngapi, naitrojeni asilimia ngapi. Kama lebo ina neno vitamini na haina asilimia hata moja, rudisha chupa kwenye shelfu. Na uangalie kama imesajiliwa, kwa huku Tanzania busta ni mbolea kama mbolea nyingine, inatakiwa ipite TFRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mbolea.

---

Kitale_Maize

Wadau wa TZ salamu kutoka Trans Nzoia, Kenya. Nimesoma nikaona niweke neno. Huku kwetu mtu akienda agrovet (duka la pembejeo) pia anauziwa foliar, hizo busta zenu, kila season, na mkulima mkubwa wa ekari nyingi ndiye anatumia sana kwa sababu tayari ana boom sprayer (mashine kubwa ya kupulizia) na anapiga dawa ya viwavi, anaona aongeze tu ndani. Lakini shida yetu kubwa huku ni asidi ya udongo. Tumeweka DAP (mbolea ya kupandia) miaka nenda miaka rudi na shamba limekuwa chachu, unaweka mbolea ya fosforasi inashikwa na udongo, mahindi yanabaki na zambarau. Sasa mtu anapiga foliar kila mwaka badala ya kununua chokaa. Mimi nilipoanza kuweka lime ndio nikaona gunia zikipanda, na ni za kilo 90 zile zetu. Foliar sikuacha kabisa, lakini nanunua ya zinki pekee.

Pia mtusaidie kutofautisha magonjwa na njaa ya mmea. Hapa kuna watu walipiga foliar kwa mahindi yenye MLN (ugonjwa wa virusi unaokausha na kuua mahindi) wakidhani ni njaa. Ule ugonjwa uliripotiwa Bomet 2011 na mpaka leo kuna mtu akiona jani la njano anakimbilia chupa.

---

Mkulima_Mbozi

Asante sana mdau wa Kitale, hilo la chokaa ni kweli tupu hata huku. Sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini udongo una asidi, na pH (kipimo cha asidi) ikishuka chini ya 5.5 fosforasi unayoweka inakamatwa na aluminiamu na chuma inakaa hapohapo kwenye udongo, mmea hauipati. Busta ya majani haiondoi asidi.

Sasa hapa kwenye kusoma jani naomba tukae kidogo maana ndo pesa inapookolewa. Shuka shambani asubuhi, usiangalie kutoka barabarani. Shika mmea kabisa uangalie tatizo limeanzia majani ya chini au ya juu.

Naitrojeni ikipungua njano inaanza majani ya chini, inaanzia kwenye ncha ya jani na kushuka katikati kwenye mshipa mkuu, ukiangalia vizuri unaona umbo la V. Potasiamu nayo majani ya chini lakini inaungua pembeni, kingo zinakauka kahawia katikati pakiwa bado kijani. Fosforasi ni ile zambarau kwenye mahindi madogo, ila kuna mbegu nyingine zinatoa zambarau kwa baridi tu kwa hiyo usikurupuke.

Zinki inakuja majani machanga ya juu. Unaona mkanda mpana mweupe au njano mpauko upande huu na upande huu wa mshipa mkuu, unaanzia chini kwenye shingo ya jani kwenda juu, wakati kingo na ncha bado vina kijani. Na mmea unadumaa, pingili zinakuwa fupifupi majani yanarundikana. Hii inatokea zaidi kwenye mchanga, kwenye udongo wenye chokaa nyingi ya asili, na kwenye shamba ambalo mtu kamwaga fosforasi nyingi mwaka hadi mwaka, maana fosforasi ikizidi inamzuia zinki.

Ugonjwa wa michirizi ni kitu kingine kabisa. Pale unaona vistari vyembamba vimekatikakatika, vinafuata mishipa ya jani, jani zima limejaa madoa ya mistari kutoka juu mpaka chini. Kile ni kirusi kinasambazwa na vidudu vidogo vinavyorukaruka ukipita shambani. Hakuna busta wala vitamini inayotibu kirusi. Ng'oa mapema yale machache, mwakani tafuta mbegu inayovumilia na panda pamoja na wenzako mvua zinapoanza usichelewe.

Dalili za njaa ya zinki mara nyingi zinakuja shamba kwa vipande, sehemu ya mchanga au sehemu lilipokwanguliwa tabaka la juu. Kirusi utakuta mmea mmoja mmoja kati ya mizima. Hiyo nayo inasaidia kujua.

---

kijana_wa_Ismani

Mkuu huku kwetu mvua ni za kusuasua, ukame unapiga katikati. Nimesoma sehemu vitamini C inasaidia mahindi kuvumilia ukame, kuna watafiti kabisa wamefanya. Na hapo utasema nini?

---

Mkulima_Mbozi

Ismani nakuelewa, mvua zenu ni za kubahatisha.

Hizo tafiti zipo sikatai, nyingi ni za Misri na Pakistan, wanapulizia asidi askobiki ambayo ndo vitamini C, au hata hiyo B1, kwenye mahindi yaliyopewa maji ya chumvi au yaliyonyimwa maji. Nyingine zinaonyesha mmea uliopuliziwa umeteseka kidogo kuliko mwenzake. Mantiki yake ipo, mmea ukiwa kwenye shida unazalisha sumu ndani ya chembe zake na vitamini C ni mojawapo ya vitu unavyotumia kuzima hizo sumu. Ila nyingi ya hizo zimefanyika kwenye vyungu na kwenye chumvi, mazingira ya kudhibitiwa, na shamba lako la Ismani lina mambo mengine kumi. Pia vitamini C ikishayeyuka kwenye maji inaharibika upesi kwa jua na hewa, sasa ile iliyokaa kwenye chupa ya dukani juani miezi mingapi sijui inabaki na nguvu gani.

Kwa ukame hela yako ya kwanza ipeleke kwenye mbegu ya muda mfupi, kupanda mapema, matuta ya kukinga maji na palizi ya wakati. Magugu yanakunywa maji yaleyale ya mahindi. Ukimaliza hayo yote ukabaki na hela ya kujaribu vitamini C jaribu, ila kwa mistari michache kwanza.

---

dumila_shamba

Mkuu nimekuelewa kwenye ile ya kwanza, kweli sikuacha mistari ya kulinganisha na urea nilikuwa nimeweka. Sasa nielekeze nifanyeje mwaka huu nipime mwenyewe, maana kila mtu humu ana maneno yake.

---

Mkulima_Mbozi

Safi sana, hilo ndo nililokuwa nasubiri mtu aulize.

Chagua sehemu ya shamba ambayo inafanana, sio upande mmoja bonde upande mwingine kichuguu. Mbolea ya kupandia sawa, urea sawa, palizi siku moja. Halafu piga busta mistari minne, acha minne, piga minne, acha minne, rudia hivyo mara tatu au nne ukivuka shamba. Weka vijiti vyenye kitambaa kwenye kila mpaka, kwa sababu nakuhakikishia baada ya mwezi hutakumbuka. Ile mistari usiyopiga busta pitisha bomba la maji matupu au kama ulichanganya na dawa ya viwavi piga dawa peke yake, usije ukasema busta imeongeza mavuno kumbe viwavi ndo wamekufa upande mmoja. Hilo kosa liko kwenye mashamba darasa mengi sana, wanalinganisha shamba lililotunzwa kwa kila kitu na shamba lililotelekezwa halafu chupa inapigiwa makofi.

Wakati wa kuvuna chukua mistari miwili ya katikati tu ya kila kipande, urefu uleule, tuseme mita kumi kumi. Pukuchua, kausha, pima kwa mzani. Sio kwa kuangalia ukubwa wa hindi na sio kwa debe la kukadiria. Kama vipande vyote vya busta vimezidi, hapo una kitu. Kama kimoja kimezidi kingine kimepungua, ni shamba tu hilo. Ukishapata tofauti ibadilishe iwe kilo kwa eka, zidisha na bei ya mahindi kwenu, toa bei ya chupa na hela ya mpulizaji. Mahindi yakiwa bei ya chini kama miaka ile mingine hata busta inayofanya kazi inaweza isilipe.

---

MamaShamba

Asante mwanangu. Shamba langu la juu lina mchanga na hiyo mikanda meupe uliyosema naiona kabisa kila mwaka, majani machanga. Nipige nini sasa na kwa kipimo gani?

---

Mkulima_Mbozi

Mama kama ni mikanda ile ya kwenye majani machanga basi zinki ndo mshukiwa wa kwanza. Tafuta zinki salfeti ya kawaida ya chenga. Kipimo ni gramu 5 kwa lita moja ya maji, kwa hiyo bomba la lita 16 unaweka gramu 80, pima kwa mzani mdogo usitumie kifuniko. Ongeza chokaa ya unga iliyozimwa nusu ya hapo, gramu 40, ili isiunguze majani, ila koroga pembeni kwenye ndoo uichuje kwa kitambaa kwanza maana itaziba nozeli. Kama yako ni busta ya zinki ya maji ya dukani fuata kipimo cha lebo yake, hizo zinatofautiana.

Piga mapema, mahindi yakiwa na majani manne mpaka sita, rudia baada ya siku kumi mpaka wiki mbili. Kuchelewa hakuna maana, mmea ukiwa na majani sita hadi nane ndo unapanga hindi litakuwa na mistari mingapi ya punje, na urefu wa hindi unaendelea kupangwa mpaka karibu na ndevu. Ukipiga mbelewele zimeshatoka unapaka rangi tu.

Piga asubuhi umande ukianza kukauka au jioni jua likipoa. Saa sita mchana tone linakauka kabla halijaingia na chumvi inabaki inaunguza jani. Mvua ikionekana inakuja ahirisha. Na tafadhali mama, bomba lililopigia dawa ya magugu usilitumie kwa hii kazi, hata ukilisuuza vipi. Watu wameua mahindi kwa mabaki ya dawa ya magugu halafu wakalaumu busta.

Msimu ujao zinki iweke kwenye udongo wakati wa kupanda, hapo inakaa zaidi ya msimu mmoja. Na hii haiondoi mbolea ya kupandia wala urea, mama. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua urea.

---

Kitale_Maize

Na kuchanganya foliar na dawa ya fall armyworm (viwavijeshi) ndani ya pump moja? Wengi wanafanya hivyo kuokoa kibarua.

---

Mkulima_Mbozi

Inawezekana ila jaribu kwenye chupa safi kwanza. Weka maji, dawa, busta kwa uwiano uleule, tikisa, acha nusu saa. Ikiganda, ikitoa vipande, ikitoa joto au ikijitenga usipulizie. Ukiacha ile chokaa kidogo niliyomwambia mama kwenye zinki, zenye kalsiamu usichanganye na zenye fosfeti au salfeti, zinatengeneza kitu kama chaki ndani ya bomba. Na dawa ya viwavi inatakiwa iingie kwenye koo la mmea, kwenye kile kikombe cha majani machanga, wakati busta inatakiwa isambae kwenye majani. Ukilenga kimoja kingine unakipunja. Kama viwavi wameshakula sana mi napiga dawa peke yake kwanza.

---

kijana_wa_Ismani

Mkuu urea yenyewe si inayeyuka, kwani siwezi kuiweka kwenye bomba nikapiga majani, nikaokoa mbolea?

---

Mkulima_Mbozi

Unaweza ila usivuke gramu 20 kwa lita, zaidi ya hapo kingo zinaungua. Hesabu: bomba nane za lita 16 kwa eka ni lita 128, urea kilo mbili na nusu, naitrojeni kilo moja na kidogo. Mahindi yanataka zaidi ya kilo 40. Ni sawa na kumlisha ng'ombe kwa kijiko cha chai. Inafaa kwa dharura tu, mfano shamba limetuama maji na mizizi imezidiwa unataka lisogee siku chache. Urea fukia sentimita tano mpaka kumi pembeni ya shina udongo ukiwa na unyevu, ukiiacha juu juani nusu yake inaweza kupaa hewani na huko ndo unapoteza hela kweli.

---

dumila_shamba

Mkuu swali la mwisho, kupima udongo wapi na nachukuaje?

---

Mkulima_Mbozi

Wewe uko Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana maabara ya udongo, ni jirani kabisa. Wa huku kwetu kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, wa Tanga TARI Mlingano. Tembea shamba kwa zigizaga, chukua sehemu 10 mpaka 15 kwa kina cha sentimita 20, ukwepe kichuguu, njia ya ng'ombe na sehemu palipochomwa mabua. Changanya zote kwenye ndoo safi ya plastiki, sio ya bati maana bati lina zinki itakuharibia majibu. Kausha kivulini, chukua nusu kilo, andika jina la shamba na mwaka jana ulilima nini. Waambie wakupimie pH, fosforasi na potasiamu, na zinki uitaje kwa jina kwa sababu usipoitaja mara nyingi hawaipimi. Peleka sasa hivi kabla ya msimu, ukisubiri mvua foleni inakuwa ndefu na majibu yanakukuta umeshapanda.